Nauli, Ada na Masafa: Ndege za Bei Nafuu kwa Msafiri wa Taita Taveta

Bei inayotangazwa na shirika la ndege la gharama nafuu hupimwa kutoka uwanja mmoja wa ndege hadi mwingine, ilhali msafiri wa Voi, Mwatate, Wundanyi au Taveta huanza kulipa pindi anapotoka nyumbani kwake, na haachi kulipa hadi afike anakokwenda akiwa na mizigo yake yote. Kwa sababu hiyo, swali la iwapo ndege hizi ni nafuu kweli kwa safari ya kuelekea Dubai, Sharjah, Riyadh au mbali zaidi haliwezi kujibiwa kwa kutazama nauli pekee. Hoja itakayojengwa hapa ni kwamba ada za ziada zenyewe si dhuluma, kwani zina msingi wa kiuchumi unaoeleweka. Kinachoumiza ni utaratibu wa kuzipandisha kadiri malipo yanavyochelewa, kwa kuwa wanaochelewa kulipa mara nyingi ni wale wale walio mbali na uwanja wa ndege, wanaosafiri kwa mara ya kwanza, na ambao tiketi zao zimenunuliwa na mtu mwingine.

Nauli ya msingi, katika mfumo huu, ni malipo ya kiti na usalama wa abiria tu, pamoja na mzigo mdogo wa mkononi ambao aghalabu hauruhusiwi kuzidi kilo 7 au 10. Ada ya ziada ni malipo ya huduma nyingine yoyote: begi kubwa linalokabidhiwa kaunta, likafungwa lebo na kupakiwa kwenye tumbo la ndege, kuchagua kiti, chakula, kubadilisha tarehe, kurekebisha jina, na katika mashirika mengine hata kuchapishiwa pasi ya kupandia ndege. Kodi na tozo za serikali ni jambo tofauti na ada hizo, ingawa abiria wengi huzichanganya. Nchini Kenya, kwa mfano, tozo ya huduma ya abiria anayesafiri nje ya nchi ni dola 50 za Marekani, nayo huwa imeshaingizwa ndani ya tiketi, kiasi kwamba katika tiketi ya bei ya chini kabisa tozo hiyo peke yake huwa sehemu kubwa ya fedha zote anazolipa abiria.

Utengano huu wa nauli na huduma una historia ndefu kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1977 Freddie Laker, mfanyabiashara Mwingereza, alianzisha safari za Skytrain kati ya London na New York kwa pauni 59 za kwenda tu, chakula kikiuzwa pembeni, na umati uliojitokeza ulithibitisha kwamba watu wengi walikuwa tayari kuacha starehe ili wavuke bahari kwa bei ndogo. Kampuni yake ilianguka Februari 1982, lakini wazo lilibaki. Mwaka 2008, bei ya mafuta ilipopanda kupita kiasi, shirika kubwa la American Airlines lilianza kutoza dola 15 kwa begi la kwanza katika safari za ndani ya Marekani, na tangu wakati huo hata mashirika yasiyojiita ya bei nafuu yamekuwa yakiuza tiketi zisizo na begi. Mpaka kati ya makundi hayo mawili umefifia sana, na msafiri anayeamini kwamba shirika lenye jina kubwa halina ada anaweza kushtuka.

Pwani ya Kenya ilipitia njia yake yenyewe. Tangu miaka ya 1970 ndege za kukodi kutoka Ujerumani, Uingereza na Uswisi zimekuwa zikishusha watalii Mombasa, na wengi wao wameingia katika Mbuga ya Tsavo, iliyotengwa mwaka 1948, kupitia lango la Voi. Ndege hizo nazo zilikuwa usafiri wa masafa marefu wa gharama ya chini, viti vikiwa vimebanana na kila safari ikijazwa hadi kiti cha mwisho, ila mtalii alinunua kila kitu kwa pamoja, yaani ndege, hoteli ya Diani, gari la kwenda mbugani na mzigo wake, kwa bei moja aliyoijua kabla ya kutoka kwao. Wenyeji waliomhudumia mtalii huyo, wakiwemo wapishi, madereva na waongozaji wa Taita Taveta, leo wanasafiri kwenda nje kwa mfumo ulio kinyume kabisa, ambao kila kipande cha safari kina bei yake na muda wake wa kulipiwa.

Sababu za kiuchumi zinastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa maana bila kuzielewa ni rahisi kuziona ada zote kuwa ulafi. Shirika la bei nafuu la masafa mafupi hupata faida kwa kuitumia ndege moja mara nyingi kwa siku, kuigeuza uwanjani kwa takribani nusu saa, kutumia aina moja ya ndege ili mafundi na vipuri viwe vya aina moja, na kuwarudisha wafanyakazi wake nyumbani kila jioni. Safari ndefu huvunja karibu kila mojawapo ya kanuni hizo, kwa kuwa ndege inayoruka saa nane au kumi haiwezi kwenda na kurudi mara sita kwa siku hata wafanyakazi wake wajitahidi vipi, marubani na wahudumu ni lazima walale hotelini ugenini, na mafuta, ambayo hakuna shirika linaloyapata kwa bei ya kutupa, huchukua sehemu kubwa zaidi ya gharama. Zaidi ya hayo, mashirika makubwa huwapunguzia abiria wa kawaida mzigo wa gharama kwa kuuza viti ghali vya mbele na nafasi ya shehena, mapato ambayo shirika dogo la bei nafuu huyapata kwa shida. Norwegian ilianza safari za masafa marefu mwaka 2013 na kutangaza kuziacha Januari 2021, na WOW air ya Iceland ilifungwa Machi 2019 ikiwaacha abiria wake wakitafuta njia nyingine za kurudi makwao. Panapokuwa na pengo dogo namna hiyo kati ya faida na hasara, ada ya begi ndiyo inayoamua kama safari imelipa.

Mashirika ya Ghuba yalipata mwanya katikati ya hali hizo mbili, yaani safari fupi na safari ndefu. Air Arabia, iliyoanza kuruka kutoka Sharjah mwaka 2003, na flydubai, iliyoanza safari zake mwaka 2009, hutumia ndege zenye ujia mmoja katikati ya viti, aina ya Airbus A320 kwa ile ya kwanza na Boeing 737 kwa ile ya pili, ndege ambazo kwa kawaida ni za masafa mafupi na ya kati lakini zinaweza kufika Afrika Mashariki bila kutua njiani. Kutoka Mombasa hadi Dubai ni zaidi ya kilomita 3,600, mwendo wa saa tano na ushei, na abiria anayeketi muda huo wote katika ndege nyembamba huwa amekubali kubanana ili apate nauli ndogo. Ni kweli kwamba flydubai huuza pia viti vya daraja la biashara na kwa hiyo si ya bei nafuu kwa maana kali ya neno, ila namna yake ya kupanga tiketi kwa ngazi, ya chini ikiwa haina begi la kukabidhi, ni ile ile inayozungumziwa hapa. Air Arabia imekuwa ikihudumia Nairobi kwa miaka mingi, na Januari 2024 flydubai ilianza kuruka Mombasa mara nne kwa wiki.

Kwa mkazi wa Voi tukio hilo la 2024 lilikuwa na uzito wa pekee, kwa sababu Mombasa iko umbali wa kilomita 150 hivi na Nairobi iko zaidi ya mara mbili ya hapo, takribani kilomita 330. Hata hivyo ukaribu si kila kitu. Uwanja wa Jomo Kenyatta wa Nairobi una ndege nyingi kila siku, na ushindani huo hushusha nauli, ilhali ndege isiyokuja kila siku humlazimisha msafiri kuchagua tarehe kulingana na ratiba ya shirika badala ya shughuli zake, na pindi tarehe inapobadilika, ada ya mabadiliko huongezeka juu ya tofauti ya nauli. Reli ya kisasa, iliyofunguliwa mwaka 2017, ina kituo Voi, na vituo vyake vya mwisho viko mahali panapomfaa msafiri wa ndege kuliko watu wengi wanavyotambua: Miritini haiko mbali na Uwanja wa Moi wa Mombasa, na Syokimau haiko mbali na Jomo Kenyatta, hivyo hakuna haja ya kuingia katikati ya jiji lolote. Basi nalo lina faida yake, kwani barabara kuu ya Mombasa hupita karibu na uwanja wa Nairobi, na abiria anayeteremka kituo cha Cabanas anaweza kufika uwanjani kwa mwendo mfupi wa gari. Shida ni saa. Treni ya asubuhi inayosimama vituo vya kati haikupangwa kwa kufuata ndege, na ndege nyingi za kimataifa huondoka usiku au alfajiri, kwa hiyo msafiri wa Taita Taveta hulazimika kufika nusu siku kabla, akala na pengine akalala kwa gharama ambayo haionekani kwenye tiketi yoyote.

Mzigo ndio kiini cha jambo lote. Msafiri wa basi kutoka Voi amezoea kuona mzigo ukilipiwa, kwa kuwa gunia la pojo au mikungu ya ndizi kutoka Taveta huwa na nauli yake. Tofauti ni kwamba kondakta na mwenye mzigo hupatana mlangoni mwa basi, na bei ya mapatano huweza kushuka, wakati kaunta ya ndege haina mapatano, na bei yake ndiyo ya juu kabisa kati ya bei zote ambazo shirika lilikuwa tayari kupokea kwa begi lile lile. Begi lililolipiwa siku ya kununua tiketi huwa na bei ya chini, likilipiwa siku chache kabla ya safari bei hupanda, na likiwekwa kwenye mizani uwanjani bila kulipiwa hutozwa kwa kilo, kwa kiwango ambacho kimekusudiwa kuwatisha watu wasifanye hivyo.

Mfano wa hesabu, usiohusu shirika lolote, utaonyesha jinsi utaratibu huo unavyofanya kazi. Ikiwa nauli ya msingi ni dola 180, na begi la kilo 20 linauzwa kwa dola 40 likilipiwa mapema, jumla ni dola 220, na tiketi hiyo inashinda kwa mbali ile ya shirika kubwa inayouzwa dola 300 pamoja na mizigo. Lakini kama begi halikulipiwa, na kaunta ikatoza dola 10 kwa kila kilo, jumla inafikia dola 380. Ndege ni ile ile na kilo ni zile zile, lakini unafuu umegeuka hasara ya dola 80, na kilichobadilika ni siku ya malipo tu.

Ada zinazofuata kilo na vipimo vya begi hazijui thamani ya kilichomo ndani, na hapa bidhaa mbili za Taita Taveta zinatoa ulinganisho mzuri. Vikapu vya mkonge vinavyosukwa na akina mama wa Kasigau na maeneo jirani ni vyepesi, lakini hujaza nafasi, na mtu anayepeleka vikapu vikubwa kwenye maonyesho ya biashara ugenini anaweza kuwa na kilo 12 tu na bado akatozwa kwa sababu mzigo umezidi urefu, upana na kina kinachoruhusiwa. Dawa ya wazoefu ni kuvipachika kimoja ndani ya kingine, kuanzia kikubwa hadi kidogo, na kujaza nguo katika kile cha ndani kabisa. Mfanyabiashara wa vito, kwa upande wake, anaweza kubeba rubi au tsavoraiti zilizochimbwa katika kaunti hiyo ndani ya mfuko mdogo wa mkononi, pamoja na vibali vyake vya kuzitoa nchini, na asilipe hata senti ya mzigo. Si kosa la mtu yeyote, ila ni ukumbusho kwamba mfumo huu unampendelea mwenye mali ndogo ya thamani kubwa kuliko mwenye mali kubwa ya thamani ndogo, na msukaji wa vikapu anapaswa kuiingiza ada hiyo katika bei yake kabla ya kukubaliana na mnunuzi.

Kundi linalohitaji uangalifu zaidi ni la wafanyakazi wanaoelekea nchi za Ghuba kwa mkataba. Mara nyingi tiketi zao hununuliwa na mwajiri au wakala wa ajira, na wao huziona siku chache tu kabla ya safari, wakati mwingine kama picha iliyotumwa kwenye simu. Kiasi cha mzigo kinachoruhusiwa huwa kimeandikwa kwenye tiketi hiyo, lakini kwa mkato: 30K maana yake ni kilo 30, 2PC ni mabegi mawili, na 0PC au NIL ni kwamba hakuna begi lolote la kukabidhi. Msichana anayesafiri kwa mara ya kwanza, ambaye jamaa zake wamemfungia unga, pojo na viungo vya miezi mitatu, hana sababu ya kujua kwamba herufi tatu hizo zinaweza kumgharimu zaidi ya fedha zote alizo nazo mfukoni. Anapofikishwa kwenye mizani huchagua kati ya kulipa kwa kuwapigia simu ndugu wamtumie M-Pesa na kufungua begi mbele ya foleni ili ampe msindikizaji nusu ya vitu. Si haki kuuita huo uzembe wake.

Jina nalo lina ada yake. Tiketi ni lazima ilingane na pasipoti, na majina ya Kitaita huwapa taabu waandishi wasioyazoea: Mghendi huandikwa Mugendi, Mghoi huandikwa Mugoi, na pasipoti yenye majina matatu hupunguzwa kuwa mawili au kupinduliwa mpangilio wake. Mashirika mengi hurekebisha herufi chache bila ugumu yakiarifiwa mapema, lakini kosa linalogunduliwa siku ya safari huweza kuhesabiwa kuwa badiliko la jina, lenye ada kubwa au lisiloruhusiwa kabisa, na abiria akalazimika kununua tiketi mpya. Kuilinganisha tiketi na pasipoti, herufi kwa herufi, siku ile ile ya kuipokea, ni kazi ya dakika mbili.

Sarafu huongeza tabaka jingine. Dirhamu ya Falme za Kiarabu imefungamanishwa na dola, na ada za mashirika haya hutangazwa kwa mojawapo ya sarafu hizo, kwa hiyo shilingi ya Kenya inapodhoofika ada hupanda bila shirika kugusa orodha yake. Mwezi Januari 2024, dola moja ilipofikia takribani shilingi 160, begi la dola 50 liligharimu karibu shilingi 8,000. Miezi michache baadaye, shilingi iliporejea kwenye kiwango cha 130 hivi, begi hilo hilo liligharimu takribani 6,500. Anayelipa kwa kadi hukutana pia na kiwango cha benki cha kubadilisha fedha, na anayemtumia ajenti hulipa kamisheni yake, ambayo ni halali ila inafaa itajwe peke yake.

Hatari kubwa zaidi kuliko ada zote, kwa anayekwenda mbali kupita Ghuba, ni tiketi zisizounganishwa. Msafiri wa Voi anaweza kununua tiketi ya Jambojet kutoka Mombasa hadi Nairobi, kisha tiketi nyingine ya shirika jingine hadi Sharjah, na ya tatu hadi anakokwenda, akaona jumla ni ndogo kuliko tiketi moja ya shirika kubwa. Lakini tiketi tatu ni mikataba mitatu, na ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina wajibu wa kumsubiri wala kumpangia ndege nyingine. Begi pia hulazimika kuchukuliwa na kukabidhiwa upya, likapimwa kwa kanuni za shirika jipya na kutozwa ada mpya, na pengine abiria akahitaji viza ili atoke tu kulifuata. Tofauti ya bei kati ya njia hizo mbili, kwa hakika, ni bima ambayo msafiri ameamua kutoinunua.

Sheria haijanyamaza katika mambo haya. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni ya mwaka 2008 inataka bei ya mwisho, pamoja na kodi na malipo yote yasiyoepukika, ionyeshwe tangu mwanzo, na mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja huo iliamua, katika kesi iliyohusu shirika la Vueling, kwamba begi la kukabidhi linaweza kutozwa ada kwa kuwa si kila abiria anabeba, lakini mzigo wa mkononi wenye uzito na ukubwa wa wastani ni sehemu ya safari yenyewe. Kwa Kenya, msingi upo katika Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010, kinachompa mtumiaji haki ya kupata taarifa za kumwezesha kufaidika kikamilifu na bidhaa na huduma. Aidha, Kenya ni mwanachama wa Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao hauangalii kama tiketi ilikuwa ghali au rahisi: begi likipotea, kuharibika au kuchelewa katika safari ya kimataifa inayosimamiwa na mkataba huo, dhima ya shirika hufikia hadi vizio 1,519 vya hesabu vya Shirika la Fedha la Kimataifa, takribani dola 2,000, kiwango kilichoanza kutumika tarehe 28 Desemba 2024. Malalamiko ya begi lililoharibika yanapaswa kuandikwa ndani ya siku 7, na ya begi lililochelewa ndani ya siku 21 tangu lilipopokelewa, na shirika haliwezi kuifuta haki hiyo kwa masharti yake ya bei nafuu.

Wakazi wa Taveta wana hesabu yao ya pekee. Uwanja wa Kilimanjaro, ulioko kati ya Moshi na Arusha, hauzidi kilomita 100 kutoka Taveta kupitia mpaka wa Holili, wakati Mombasa iko zaidi ya kilomita 250. Barabara ya lami kupitia Mwatate na Maktau imeifanya safari ya kwenda pwani kuwa nyepesi kuliko zamani, lakini haijaubadilisha umbali. Anayechagua Kilimanjaro huhitaji hati za kuvuka mpaka na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na ndege za huko ni chache na nauli zake mara nyingi ni za juu. Hata hivyo, kwa familia yenye watoto na mizigo, tofauti ya nauli inaweza kufidiwa na usafiri wa nchi kavu na usiku mmoja wa hoteli uliookolewa, jambo ambalo halionekani mpaka gharama zote ziandikwe pamoja kwenye karatasi moja.

Taarifa zinazohitajika kwa hesabu kama hiyo ni nne: jumla ya fedha pamoja na tozo, kilo zilizoruhusiwa mkononi na kwenye tumbo la ndege, ada ya begi kabla ya siku ya safari na siku yenyewe, na gharama ya kubadilisha tarehe au jina. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira zingeweza kuwataka wauzaji wa tiketi na mawakala wa ajira waziandike nne hizo kwa Kiswahili, kwa maneno kamili badala ya mkato, kwenye risiti anayopewa msafiri siku ya malipo, au siku ya kusaini mkataba ikiwa mwajiri ndiye anayelipa. Ajenti wa Voi hana haja ya kusubiri agizo hilo, kwa kuwa taarifa zote nne tayari anaweza kuzipata katika mfumo ule ule anaoutumia kutoa tiketi.